KARATASI HAINA ULOZI, WOGA NDIO UNAOTUUA

Masomo: Isaya 44:14-20, Marko 6:47-52, Ezekieli 37:1-14

 

Mara hii tunawaandikia juu ya karatasi. Mtu atasema: wazee wamekosa neno la kuhubiri? Hapana, wapendwa. Someni mpaka mwisho, maana kwa ajili ya karatasi mtoto wa kanisa letu alilala inje siku mbili.

Mambo yalikuwa hivi. Mama mmoja alikuja kwetu kiisha ibada ya jioni, amebeba mfuko wa plastiki. Akautoa mfuko ule mbele yetu, akaweka mezani maski ya katoni yenye sura ya fuvu la kichwa cha mtu, meno yamechorwa kwa makaa. Na pamoja nayo popo sita waliokatwa katika karatasi nyeusi, na mzimu mweupe uliotengenezwa kwa kurasa za kaye. Akasema: «Wazee, mwana wangu wa miaka tisa ndiye aliyefanya vitu hivi. Alivifunga dirishani usiku. Kesho yake mtoto mchanga wa jirani akashikwa na homa. Watu wa lupango wanasema mwana wangu ni mlozi, na baba yake amemkataza kulala ndani.»

Tukauliza: mtoto mchanga yuko namna gani? Akajibu kwamba walimpeleka katika kituo cha afya, wakamkuta na malaria, wakampa dawa, na sasa ananyonya vizuri. Tukauliza tena: na huyu mwana wako, nani amemuuliza kwa nini alifanya vile? Mama akanyamaza. Hakuna aliyemuuliza.

Basi tukamwita mtoto, tukakaa naye chini, tukamuuliza kwa upole. Akasema aliona katika simu ya kaka yake watoto wa Ulaya na Marekani wamevaa maski, wanapita nyumba kwa nyumba, na watu wanawapa bombo na biskwi. Akafikiri: nikifanya kama wao, labda na sisi tutapewa. Hilo ndilo lilikuwa siri ya mtoto yule. Alitaka bombo.

Wapendwa, tupate kwanza kujua kitu chenyewe ni nini, maana mtu asihukumu asichokijua. Watu wanakiita Halloween. Ni neno la Kiingereza, na maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Ni usiku wa tarehe 31 mwezi wa 10, kwa sababu tarehe 1 mwezi wa 11 ndugu zetu Wakatoliki wanaheshimu Watakatifu Wote, na tarehe 2 wanaombea marehemu. Watu wa Ayalandi na wa Uskoti walikuwa na desturi zao za zamani za majira yale, wakati wa baridi kuingia na usiku kuwa mrefu. Walichonga mizizi minene mfano wa figili, wakatia taa ndani. Wengi wao walipohamia Marekani katika karne ya 19, walikuta kule maboga, makubwa na mepesi kuchonga, wakayatumia hayo. Leo kule ni zaidi biashara na mchezo wa watoto. Sisi hapa Bukavu boga tunalipika, na majani yake tunayala na bugali. Desturi ile si yetu, na hatuoni sababu ya kuileta. Lakini kusema «si desturi yetu» ni neno moja, na kumtupa mtoto inje ni neno jingine kabisa.

Neno la kwanza: karatasi ni karatasi.

Nabii Isaya anasema habari ya mtu aliyekata mti porini. Kipande kimoja akawashia moto, akaota, akapika chakula, akashiba. Kipande kilichobaki akachonga sanamu, akapiga magoti mbele yake akiomba imwokoe. Isaya anashangaa: hana akili ya kujiuliza kama mti aliopikia unaweza kuwa mungu?

Na sisi tujiulize. Kaye ya mtoto ikiisha, mama anachana kurasa zake na kuwashia mbabula asubuhi. Mwenye kuuza karanga anazifunga katika kurasa zile zile. Hakuna anayeogopa. Lakini mtoto akikata ukurasa mmoja kwa mfano wa popo, lupango nzima inatetemeka! Ni nani basi aliyetia nguvu katika karatasi ile? Si mtoto. Ni sisi tulioiogopa. Mtu anayeamini kwamba karatasi inaweza kuleta homa, amekwisha kuifanya fetishi, hata kama anaiteketeza kwa maombi makubwa.

Neno la pili: mtoto si mlozi.

Hapa tunapaswa kutubu mbele yenu. Watu wa lupango si wao peke yao waliosema. Katikati yetu pia, katika kundi la maombi, kulikuwa waonaji waliosema mtoto yule afungiwe siku tatu bila chakula mpaka akubali kutaja wenzake. Wazee tuliwakatalia, lakini tunajua kwamba siku zilizopita maneno kama hayo yalisemwa na hatukukataa kwa nguvu. Bwana atusamehe, na wale watoto watusamehe.

Sikieni vizuri. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inaweka malipizi juu ya anayefanya hivyo. Lakini hata kama sheria ya serikali isingekuwako, kanisa la manabii wa Afrika lingepaswa kulijua jambo hili mbele ya watu wote. Kumbukeni Nabii Simon Kimbangu. Alianza kazi ya kuponya wagonjwa huko Nkamba tarehe 6 mwezi wa 4 mwaka 1921, akawaita watu waache fetishi na kumtegemea Mungu peke yake. Miezi michache tu, wakubwa wa serikali ya Wabeleji wakamwogopa. Mwezi wa 9 wakamkamata, mwezi wa 10 wakamhukumu kufa, kiisha mfalme akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa kifungoni miaka 30, akafa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Hakuwa amebeba silaha. Woga wa wakubwa ndio uliomhukumu.

Basi sisi tunaotoka katika uzao wa watu walioshitakiwa bure, tutawezaje kumshitaki bure mtoto wa miaka tisa?

Tazameni tena Marko sura ya sita. Wanafunzi walikuwa katika ziwa usiku, upepo unawapinga. Wakamwona Yesu anakuja juu ya maji, wakapiga kelele wakidhani ni mzimu. Sisi watu wa ziwa Kivu tunaelewa habari hii. Wavuvi wetu wa sambaza wanakesha majini na taa zao, na wanajua namna giza linavyogeuza kila kitu. Yesu alifanya nini? Aliwaambia ni yeye, wasiogope, akapanda ndani ya chombo pamoja nao, na upepo ukatulia. Baba, mama, hivyo ndivyo mzazi anavyopaswa kufanya. Ukimwona mtoto wako na kitu usichokielewa, panda ndani ya chombo chake. Kaa karibu naye. Muulize: hiki ni nini, mwanangu? Mara nyingi utakuta kwamba mzimu uliouogopa ni mwana wako mwenyewe anayetafuta bombo.

Neno la tatu: kifo si mchezo wetu.

Na ninyi watoto, sasa ni zamu yenu kusikia. Hatukuwaita walozi, na hatutawaita hivyo. Lakini tunawaomba msitundike mafuvu na mifupa katika madirisha ya mji huu. Tutawaeleza sababu.

Siku ambazo watoto wa mbali wanacheza na mifupa ya karatasi, sisi tuna kumbukumbu nyingine. Mwaka 1996, mwisho wa mwezi wa 10, vita viliingia Bukavu. Tarehe 29 Askofu mkuu Christophe Munzihirwa wa kanisa la Katoliki aliuawa hapa mjini, upande wa Nyawera, pamoja na watu wengine wengi wasiotajwa katika vitabu. Bibi na babu zenu walikimbia siku zile, na wako waliopita juu ya maiti barabarani. Mwezi wa 6 mwaka 2004 vita vikaja tena. Mwezi wa 2 mwaka 2025 tena. Bibi yako akiona fuvu dirishani, haoni mchezo. Anaona mtu aliyemjua. Kwa hiyo mheshimu yeye, na uheshimu machozi yake. Mtume Paulo alijua kwamba sanamu si kitu, lakini aliacha haki yake kusudi asimwumize ndugu aliye mzaifu.

Na mkitaka kusikia habari ya mifupa, someni Ezekieli 37. Nabii alipelekwa katika bonde lililojaa mifupa mikavu sana. Mungu hakumwonyesha mifupa ile kwa kumtisha. Alimuuliza kama inaweza kuishi tena, akamwambia aitolee unabii, na mifupa ikasogeleana, ikapata nyama na ngozi, kiisha pumzi ikaingia, wakasimama jeshi kubwa. Dunia inaonyesha mifupa na kunyamaza hapo. Sisi tunajua sura inaendelea.

Neno la ine: tuwape mikono yao kazi.

Mtoto yule ana mikono mizuri. Popo wake walikatwa sawasawa, bawa kwa bawa. Kipaji kile ni cha Mungu, na tukikivunja tutajibu. Kwa hiyo tumeamua hivi: juma la mwisho la mwezi wa 10, watoto wote wa shule ya siku ya Mungu watatengeneza maua ya karatasi, na siku ya posho tutayapeleka katika makaburi ya Ruzizi, kwa wapendwa wetu na kwa makaburi yasiyo na mtu wa kuyatunza. Tunazoea kusafisha makaburi tarehe 1 mwezi wa 8, siku ya wazazi. Sasa tutaongeza siku hii.

Wazazi, wasaidieni hivi. Kama kuna feza kidogo, nunueni karatasi laini ya rangi. Kama hakuna, kaye ya zamani inatosha. Kata ukanda wenye upana wa vidole vine. Ukunje mara nyingi, kata upande mmoja kwa mviringo kusudi upate majani ya ua. Ufungue, uuzungushe juu ya kijiti, ukifinya upande wa chini, kiisha funga kwa uzi. Gundi msinunue: kijiko kimoja cha unga wa muhogo na maji, koroga juu ya moto mdogo mpaka kiwe kizito. Na kwa sababu ni majira ya mvua, yeyusha vipande vya mishumaa katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, uchovye ua mara moja na kulitoa. Halitalowana upesi. Kazi hii ya mshumaa aifanye mama ama baba, si mtoto.

Neno moja la hatari: mtu asitie mshumaa ndani ya taa ya karatasi. Mnajua nyumba zetu za mbao namna zilivyobanana, na mnajua moto ulivyokwisha kuteketeza nyumba nyingi Kadutu. Hatari iliyo ndani ya karatasi ni hiyo, wala hakuna nyingine.

Mtoto yule amerudi nyumbani. Baba yake alikuja mbele yetu, akamshika mkono, akalia. Maski hatukuiteketeza. Tulimrudishia mwenyewe, na yeye akachukua makasi, akaikata vipande vipande, akatengeneza kitovu cha ua lake la kwanza. Siku ile ile mama mmoja wa baraza alituma biskwi.

Tuombe. Baba wa mbinguni, utuondolee woga unaotufanya tuwaumize watoto wako. Uwalinde wana wa Bukavu usiku na mchana. Wafariji wanaolia juu ya makaburi. Utupe macho ya kuona mtoto pale tunapodhani tunaona mzimu. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyeshinda kifo. Amina.