Trekta Kuukuu Haiuawi na Uzee

Paliondokea mkulima mmoja wa Babati, mkoani Manyara, mwenye trekta aina ya Massey Ferguson 135. Aliinunua kwenye mnada wa mali za shamba kubwa, bodi ikiwa imepauka na tairi zimechakaa, lakini injini ilikuwa nzima. Ililima mashamba yake, ikawalimia majirani kwa malipo, na baada ya mavuno ikavuta trela la magunia mpaka sokoni. Ada za shule za watoto wake zilitoka humo.

Msimu mmoja, mvua za kwanza zimekwisha anguka na kila mtu anagombea trekta, mashine ikaanza vituko. Asubuhi inawaka vizuri, inaingia shambani na plau ya diski tatu, inalima kama nusu saa, kisha nguvu zinapungua na inazima. Ikipumzishwa kidogo, inawaka tena kama haina ugonjwa. Inalima, inazima.

Akaitwa fundi kijana wa pale senta. Aliisikiliza ikizima mara moja tu, akafuta mikono. "Mzee, pampu hii imekufa. Tutafute nyingine."

Mzee hakumuuliza amejuaje. Mvua hazimsubiri mtu, na wateja wake walikuwa wameanza kuita trekta za wengine.

Pampu ya dizeli ikafunguliwa siku hiyohiyo. Pale pampu inapokutana na injini kuna mstari mwembamba uliochorwa kwenye pampu, na mwenzake uko upande wa injini. Hiyo miwili ndiyo inayoonyesha pampu ikae vipi ili dizeli ipulizwe kwa wakati wake. Hakuna aliyeitazama. Ubavuni mwa pampu kulikuwa na kibati chenye namba, kimefunikwa na vumbi lililoshikana na oili. Hakuna aliyekifuta. Pampu ile ikauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ipatikane nauli ya kwenda Arusha.

Arusha wakapata pampu ya mtumba. Ilikuwa na matundu matatu ya kutolea dizeli, na injini yao ina silinda tatu, basi wakaridhika. Kumbe ilitolewa kwenye injini kubwa zaidi. Ilipofungwa, trekta ikanguruma na kutoa moshi mweusi, watu wakashangilia wakidhani ni nguvu. Baada ya nusu saa shambani ikazima palepale ilipozoea kuzima.

"Basi ni nozeli," akasema fundi. Nozeli zikanunuliwa. Ikazima.

Wakati huo madhara mengine yalikuwa yameanza kimyakimya. Pampu ile ilikuwa inamwaga dizeli nyingi kuliko injini inavyoweza kuchoma. Dizeli isiyoungua ikateremka kwenye kuta za silinda, ikaosha oili inayozilinda, ringi zikaanza kusaga slivu. Mzee alipochomoa kijiti cha kupimia oili alikuta imepanda juu ya alama, nyepesi kama maji, inanuka dizeli. Akafurahi kwamba injini haili oili. Hakujua kwamba kilichoongezeka ni dizeli, na kwamba injini yake inakufa.

Ikafika siku ikakataa kuwaka kabisa. Injini ikashushwa kwa ovaholi. Mzee akaingia dukani na kusema, "Naomba slivu za 135." Muuzaji akampa. Zilikuwa za aina inayogongwa kwanza kwenye bloku ndipo ichongwe ndani kwa mashine kufikia kipimo cha pistoni, wala hakuambiwa. Moja ikapasuka ikigongwa kwa nyundo. Mbili zikaingia, pistoni zikakataa kupita. Bloku ikapakiwa kwenye gari kwenda kuchongwa mjini. Iliporudi, mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini, na shamba la mzee lilikuwa limeota majani.

Ndipo mtu akamkumbuka fundi wa zamani anayeishi Magugu. Babu yule alifika, akaikuta injini imefungwa upya na trekta bado inazima. Hakuomba spana. Aliuliza, "Nani anaiendesha?"

"Mimi, babu," akajibu dereva, mpwa wa mzee.

"Kabla haijaanza kuzima, mwanangu, uligusa nini?"

Kijana akafikiri. "Sikugusa kitu, babu. Niliweka tu nailoni chini ya mfuniko wa tangi. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia kwenye dizeli."

Babu akafungua mfuniko, akaitoa nailoni, akaufunga tena. Trekta ikalima mpaka jua likazama.

Siri ilikuwa hewa. Dizeli inapopungua kwenye tangi, lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na njia yake ni kitundu kidogo kwenye mfuniko. Kikizibwa, tangi linavutana na pampu mpaka dizeli inagoma kushuka, na injini inazima kwa njaa. Ukiiacha ipumzike, hewa hupenya kidogokidogo, mashine ikawaka tena. Ndiyo maana ugonjwa ulikuja na kuondoka baada ya muda uleule. Dalili yenyewe ilikuwa inasema, wasikilizaji ndio hawakuwapo.

Kijana yule dereva hana hatia kubwa; alitaka kuzuia maji, na maji kweli ni adui wa pampu. Kosa lililomaliza msimu ni la watu wazima waliofungua mfuko wa pesa kabla ya kufungua mdomo kuuliza. Trekta kuukuu haiuawi na uzee. Inauawa na kubahatisha.

Basi mwenye trekta ya namna hii ashike utaratibu. Mashine ikibadilika tabia, muulize kwanza aliyeishika mwisho amefanya nini. Kisha anza na kisichogharimu kitu. Legeza mfuniko wa tangi, washa, lima. Isipozima, umepata ugonjwa bila kununua hata nati. Ikizima bado, legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta, kisha bonyezabonyeza kwa kidole kile kimkono cha pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi. Dizeli ikitoka kwa nguvu bila mapovu, njia ni safi mpaka hapo. Ikitoka kwa kusuasua, tafuta uchafu upande wa tangi. Mapovu yasipokwisha, upepo unaingia kwenye maungio. Pampu kubwa ihukumiwe mwisho, na hukumu itolewe na fundi mwenye mashine ya kuipimia. Nayo uilinde: vyuma vyake vya ndani hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huila.

Ikithibitika kwamba spea inahitajika, jua unachotafuta. Massey Ferguson 135 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi miaka ya 1970. Nyingi za dizeli zilifungwa injini ya Perkins AD3.152 ya silinda tatu, lita 2.5. Kiwanda kiliiacha 135 lakini hakikuiacha injini hiyo: iliendelea kwenye Massey Ferguson 240, na trekta za ukoo huo zimetengenezwa na Millat kule Pakistani na TAFE kule India. Kwa hiyo pistoni, ringi, gasketi na beringi mpya bado zinapatikana, iwe Arusha, Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Anayekuambia trekta yako haina spea tena, muulize amepita maduka gani.

Lakini wingi huo wa spea una mtego wake. "Ya 135" si jina la spea. Kuna 135 zenye klachi moja na zenye klachi mbili, ya gia na ya kuendeshea mashine za nyuma. Kuna gia boksi za aina tofauti. Kuna slivu za kuchongwa na zilizokwisha chongwa. Injini yenyewe pengine ilibadilishwa na mwenye trekta aliyekutangulia. Soma namba ya trekta kwenye kibati cha dashibodi na namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku. Futa kibati cha pampu, kipige picha kwa simu. Kabla ya kufungua chochote kinachopaswa kufanya kazi kwa wakati wake, kama pampu, tafuta alama. Usipoiona, itie mwenyewe kwa tindo. Ukienda dukani, nenda na kipuri cha zamani mkononi, ukilinganishe na kipya kaunta: hesabu meno, pima upana, tazama matundu ya bolti. Usikiuze wala kukitupa mpaka kipya kimefanya kazi shambani.

Na daftari liwepo, lenye namba hizo zote, tarehe za kubadilisha oili na filta, na kila kilichofunguliwa na aliyekifungua. Mafundi wa aina ya yule babu wanazeeka, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote. Mpeleke kijana wako akashike taa pembeni yao wanapofanya kazi, na aandike anachokiona. Fundi akikuambia nunua, mwambie kwanza akuonyeshe alivyojua. Anayejua atakuonyesha bila kukasirika, na anayekasirika usimpe spana.