Binti wa Ibrahimu na Mgongo Unaouma

Anayeingia kanisani kwa magongo tunampisha mara moja. Anayeumwa mgongo kwa miaka hapishwi na mtu, kwa sababu hana plasta wala jeraha la kuonyesha. Akikosa zamu ya usafi wa kanisa, tunasema ni mvivu. Akizidi kulalamika, tunasema imani yake ni haba, na wapo wanaonong'ona kwamba amelogwa. Je, tuna wajibu gani kwa mtu ambaye maumivu yake hatuyaoni?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa kiuno na mgongo wa chini. Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu. Hapa kwetu Dodoma sababu nyingi tunakutana nazo njiani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani, na ukame ukizidi, njia ya kisimani hurefuka. Kuna jembe la mkono katika shamba la uwele, kuna kuni, na mtoto mgongoni juu ya hayo yote.

Tena mgongo hauumwi peke yake. Asiyelala kwa maumivu huamka amechoka, na aliyechoka huwa mkali kwa watoto. Anayeogopa kuinama huacha hata kutembea; misuli hulegea, uzito huongezeka, shinikizo la damu na kisukari hupata nafasi. Hofu na huzuni nazo huzidisha maumivu, bila mgonjwa kujisingizia lolote. Wengine humeza diklofenaki kila siku kutoka duka la dawa, mpaka tumbo na figo navyo viumie. Pia mgongo waweza kuwa mjumbe wa ugonjwa mwingine. Kifua kikuu huweza kula pingili za uti wa mgongo, na sisi wafugaji tunaopenda maziwa mabichi tunaijua bruselosi, iletayo homa na maumivu ya viungo na mgongo. Anayeumwa mgongo huku ana homa, anakonda, au miguu inakufa ganzi, asisubiri mkesha wa maombi. Aende hospitali, tutaomba naye njiani.

Katika Katekisimu Ndogo, Luther anaanza maelezo ya imani na mwili: macho, masikio na viungo vyote ni kazi ya Mungu, naye huvitunza. Aliyeandika hayo aliujua mwili unaouma. Mwaka 1537, huko Schmalkalden, mawe ya figo yalikaribia kumuua. Na Amri ya Tano haieleza kuwa kukataza kuua tu. Anasema inatudai tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Mgongo wa jirani umo.

Luka sura ya 13 anamtaja mwanamke aliyepinda miaka 18. Baadhi yetu huishika habari ile ya roho ya udhaifu, wakataka kila mgongo ukemewe pepo. Sisi tunaona wanaruka jambo lililo wazi zaidi: mwanamke yule hakuomba chochote, Yesu ndiye aliyemwona kwanza, akamwita binti wa Ibrahimu. Mkuu wa sinagogi alipokasirika kwa ajili ya sabato, Yesu alimkumbusha ng'ombe na punda wanaofunguliwa kwenda kunywa maji.

Mgogo yeyote anauelewa mfano huo bila mhubiri. Punda akipata kidonda mgongoni, mwenye punda humpumzisha, maana akifa ni hasara. Lakini mama wa nyumba hiyohiyo hujikanda kiuno kwa maji ya moto usiku, na alfajiri anajitwika ndoo, huku kijana mwenye nguvu na baiskeli amelala ndani. Hapo dawa ya mgongo ni mgawo wa kazi, na hospitali haiwezi kuiandika katika cheti.

Wazee wa kanisa wanaweza kuanza na jambo dogo. Mabenchi yetu mengi hayana pa kuegemea, na liturujia hutusimamisha mara nyingi. Anayeungama imani akiwa ameketi tusimkazie macho. Na siku ya kusomba maji ya ujenzi wa kanisa, vijana na wanaume wapangwe kwanza.