Mtoto Akisema "Hapana"

Swali la wiki hii lilinipata nyumbani kwangu: mtoto akimwambia mtu mzima "hapana," je, amekosa adabu?

Binti yangu yuko Gredi ya 7. Muhula huu mwalimu wao anawafunza kujieleza bila woga: mtazame mtu usoni, sema kinachokuumiza, sema unachoomba, usitukane. Wanafanya mazoezi wawili wawili darasani. Niliona ni jambo zuri, mpaka zoezi likafika kwangu.

Jumamosi, wageni wakiwa sebuleni, nilimgombeza kuhusu alama zake za hisabati. Walipoondoka akanijia, sauti ikitetemeka: "Baba, sipendi ukinigombeza mbele ya watu. Naomba uwe unaniita kando."

Nikapandwa na hasira. "Hii ndiyo mnafunzwa shuleni? Kujibu wazazi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Muhula uliopita kuna msichana mkubwa alikuwa ananinyang'anya pesa ya chakula kila siku. Sikusema, kwa sababu wewe husema mtoto mzuri habishani."

Ndugu zangu, usiku huo sikulala. Muhula mzima mtoto wangu alishinda njaa kwa kunitii! Nilidhani ninalea heshima, kumbe nalea woga. Na mtoto asiyeweza kumwambia baba yake "hapana," atamwambiaje anayempa bangi, ama jirani anayemshika vibaya?

Nikafungua Danieli 1. Vijana wale walipelekwa Babeli, wakabadilishwa hata majina. Danieli akaitwa Belteshaza. Jina lilibadilishwa, lakini hakusahau yeye ni wa nani. Ndiyo maana aliazimia moyoni kwanza, kisha akaomba. Na tazama alivyoomba. Hakupiga kelele. Mkuu aliposema anamwogopa mfalme, Danieli hakumdharau. Alimwendea msimamizi, akaomba wajaribiwe kwa siku 10, wale mboga na kunywa maji tu. Alikataa chakula, hakumkataa mtu. Huo ndio ujasiri wenye adabu.

Najua kuna atakayeniuliza, "Na Waefeso 6 je? Si watoto wameamriwa kuwatii wazazi?" Kweli kabisa, nami siifuti amri hiyo. Lakini sura hiyo hiyo, mstari wa 4, inatugeukia sisi akina baba na kutuonya tusiwachokoze watoto wetu. Sasa baba atajuaje kwamba amechokoza, ikiwa mtoto haruhusiwi kusema?

Asubuhi nilimwomba binti yangu msamaha. Haikuwa rahisi. Tukakubaliana: mimi nitamwita kando, naye hesabu atazifanya kila jioni, hilo halina mjadala. Kumsikiliza mtoto si kumwachia usukani. Jumatatu tukaenda naye shuleni kuhusu ile pesa. Alimweleza mwalimu mwenyewe. Mimi nilikaa tu kando yake.

Mpendwa, mtoto wa miaka 12 au 13 anajiuliza kila siku, "Mimi ni nani?" Tukimjibu kwa "nyamaza" peke yake, atatafuta jibu kwingine, na huko nje wenye majibu ni wengi.

Wiki hii muulize mtoto wako: "Kuna jambo unaogopa kuniambia?" Kisha wewe ndiwe unyamaze.