Hali Shwari

Walinzi wawili wa kwanza katika Final Fantasy VII nimewaua mara nyingi hata hesabu imenipotea. Ukatili haukuwamo, ilikuwa stima. Kibanda cha gemu tulichokuwa tukikimbilia pale sokoni Kanyakine kilikuwa na PlayStation moja, televisheni moja na pedi mbili zilizofungwa kwa plasta, lakini memori kadi hakikuwa nayo. Kila stima ilipopotea, na msimu wa mvua ilipotea karibu kila jioni, mchezo ulianza upya: treni inaingia stesheni usiku, kijana mwenye upanga mpana kuliko kifua chake anaruka kutoka juu ya behewa, na askari wawili wenye bunduki wanamkimbilia. Tukatoa shilingi kumi nyingine, tukawaua tena.

Kwa hiyo nawajua hao kuliko mhusika mwingine yeyote wa mchezo ule, uliotoka mwaka 1997 ukiwa na diski tatu. Ya pili na ya tatu kwetu zilibaki kusikia tu. Kila mmoja ana uhai wa alama 30. Pigo moja la upanga linamtosha, au mawili siku ikiwa mbaya. Akianguka unapata alama 16 za uzoefu na gil 10, ndizo fedha za dunia ile. Jina hana. Wenzao walioangushwa kabla yao wamelala pale pale jukwaani, na ukimsogelea mmoja ukabonyeza kitufe unaokota chupa ya dawa. Rafiki yangu mmoja, aliyekuwa na ugonjwa wa kuuliza maswali yasiyo na faida, aliuliza: kama alikuwa na dawa mfukoni, mbona hakuinywa? Tulimcheka. Miaka ishirini imepita, na swali lake bado linanikera.

Jibu la haraka ni kwamba dawa haikuwa yake. Waliotengeneza mchezo waliiweka kwa ajili ya mchezaji, wakamfanya mlinzi rafu ya duka. Bunduki yake, sare yake, hata kuanguka kwake, vyote ni mali ya mtu mwingine. Kant angesema hapo ndipo penye kosa, kumgeuza mtu kuwa chombo tu cha kufikia haja yako. Lakini askari wa gemu ni mchoro na hesabu, na simlilii. Kinachonisumbua ni uchaguzi wenyewe. Anapotafutwa mtu wa kufa mwanzo wa hadithi, ambaye kifo chake hakitamkosesha mtu usingizi, mbona kila mara anaitwa huyu wa zamu ya usiku? Mbona si mwoka mikate, au fundi cherehani?

Nje ya kibanda chetu alikuwapo mlinzi wa kweli. Watu wazima walimwita soja, sisi tukamwita Mzee. Alilinda safu ya maduka manne pamoja na kibanda. Alivaa koti zito la mitumba lililomfika magotini na kofia ya sufu, akabeba rungu na tochi ya betri tatu, na mbele yake aliweka jiko alilolitoboa mwenyewe kutoka mkebe wa rangi. Mfuko wa shati ulikuwa na miraa kidogo ya kupigana na usingizi. Baridi ya Kanyakine mwezi wa Julai inashuka kutoka Kirimara, mlima ambao ramani zinauita Kenya. Inapita chai, inapita kahawa na migomba, ikifika barabara ya Embu bado ina meno. Yeye aliketi ndani ya baridi hiyo tangu maduka yafungwe mpaka wenye matatu ya kwanza waanze kuita abiria. Mwenye maduka alimpa daftari la kuandikia matukio, lile ambalo polisi na walinzi wa Kenya wanaliita OB. Kila saa ilibidi aandike. Alikuwa na kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari, na maneno yake yalikuwa mawili: hali shwari.

Ifikirie kazi hiyo. Fundi cherehani akifanya kazi vizuri, unaona suruali. Mkulima akifanya vizuri, unaona ndizi zikipakiwa kwenye lori la Nairobi. Mlinzi akifanya vizuri huoni kitu. Milango asubuhi ni ile ile ya jana jioni, kufuli ni zile zile. Mavuno yake ni jambo ambalo halikutokea, na jambo ambalo halikutokea halijazi debe. Ndiyo maana mwenye duka, baada ya miezi sita ya utulivu, huanza kupiga hesabu kama kweli anamhitaji.

Sasa mkabidhi msimuliaji mtu huyo. Amfanyie nini? Aristotle, alipoieleza tanzia, alisema inaiga tendo, wala haiigi watu. Watu wanaingia kwa kuwa tendo linahitaji wa kulitenda. Kwa kipimo hicho, usiku elfu moja wa mlinzi aliyefaulu haupati hata sentensi. Hadithi inamfikia usiku wa elfu moja na moja, ule aliozidiwa nguvu. Inamkuta akianguka, nayo inadhani kuanguka ndiyo maisha yake. Alfu Lela Ulela ya mlinzi ingekuwa kurasa elfu nyeupe, kisha ukurasa mmoja wa damu, na ni huo mmoja tu ungechapishwa. Magazeti yetu hufanya hivyo hivyo. Wezi wakivamia faktari ya kahawa, habari inaanza na magunia mangapi yamechukuliwa, na mlinzi anatokea aya ya tatu, amefungwa kamba, akiitwa mlinzi mmoja.

John Mbiti, mwanafalsafa wa Ukambani, ng'ambo ya Tana kutoka kwetu, aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayajengea nadharia nzima ya wakati katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy. Alidai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati unaundwa na matukio. Pasipo tukio hapana wakati. Amebishiwa sana, na wabishi wana hoja. Lakini mna mahali humo anapowatetea watu wanaoonekana wameketi tu: hawapotezi wakati hao, bali ama wanausubiri au wanautengeneza. Nilipolisoma hilo chuoni nilimkumbuka Mzee na jiko lake la mkebe. Ila nadhani hapo Mbiti aliishia njiani. Mlinzi hangoji jambo lije; anangoja lisije. Wakati wake hauna tukio hata moja, na bado anausikia wote, dakika baada ya dakika, kwenye magoti.

Shakespeare alilijua hili, au walau alilipitia karibu. Hamlet inafunguka na walinzi wawili usiku wa manane katika ngome ya Elsinore. Mmoja, Francisco, anamaliza zamu. Analalamikia baridi, anasema moyo wake hauko sawa, na akiulizwa zamu ilikuwaje anajibu kuwa ilikuwa tulivu. Kisha anakwenda kulala na hatumwoni tena. Mzimu unatokea yeye ameshaondoka. Katika mchezo mzima huyo ndiye aliyeimaliza kazi yake bila dosari, na mchezo unamruhusu aende baada ya mistari michache kwa kuwa hauna haja naye. Sijawahi kumwona akitahiniwa. Pazia linapofungwa mfalme, malkia na mwana wa mfalme wote wamelala chini, naye Francisco pengine bado yuko kitandani.

Kwetu Meru walinzi wa hadithi ni wa zamani zaidi. Masimulizi ya asili yanasema tulitoka Mbwaa, mahali penye maji, tulikokuwa watumwa wa watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Wazee wetu waliwazidi akili, wakavuka maji. Waliovuka gizani wakawa koo nyeusi, waliovuka alfajiri nyekundu, waliovuka jua limeshatoka nyeupe. Hebu ona: kila ukoo umepata jina kwa saa ya kuvuka kwake, na waliokuwa wakitushika wamepata jina la kitambaa. Sura hawana, midomo hawana. Aliyebuni askari wa stesheni miaka ya 1990 huko Japani hakuhitaji kusikia habari za Mbwaa ili afike pale pale: mvalishe mtu sare, na uso hauhitaji tena kuchorwa.

Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, sare ziliingia ndani ya nyumba zetu wenyewe. Serikali ya kikoloni iliwakusanya watu katika vijiji vilivyozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na kando ya kijiji ngome ya kamatimu, walinzi wenyeji walioitwa hivyo kwa sababu ya mikuki. Familia nyingi zilikuwa na ndugu mmoja msituni na mwingine ngomeni. Majina tunayoyatunza ni ya msituni, kama Musa Mwariama, aliyetoka msituni Desemba 1963 akapokewa na Kenyatta, na ni haki yawe hivyo. Kamatimu wa mnarani hatajwi ila kwao, na hata huko kwa sauti ya chini.

Hapa sina budi kujipinga. Nimekuwa nikimtetea mlinzi kwa utulivu wake, kana kwamba utulivu ni mali ya wote. Ngomeni mwaka 1954, hali shwari ilimaanisha kwamba mama mwenye njaa hakuvuka handaki kwenda kuchimba viazi shambani kwake. Askari wa stesheni nao walilinda mtambo unaofyonza uhai wa dunia yao ili mji upate umeme. Waliokuja kuulipua walikuwa na sababu. Kungoja si utakatifu. Mtu anaweza kungoja usiku kucha, kwa uaminifu kamili, kwa faida ya mwizi mkubwa kuliko wale anaowazuia.

Na nadhani jibu la swali langu limejificha humo. Mwoka mikate hachaguliwi kufa mwanzoni kwa sababu hasimami mahali pa kumzibia mtu. Mwenye mtambo haonekani, gavana yuko Nairobi, mfalme yuko ndani ya kuta saba. Mlinzi ndiye nyama pekee ya mwenye ngome inayofikiwa na mkuki. Ameajiriwa kuwa hapo mwilini ili mwingine asiwe hapo. Dawa ile mfukoni haikunyweka kwa sababu hiyo hiyo: mwili wenyewe alikuwa amekwisha kuukodisha.

Hilo lingekuwa neno la mwisho kama tusingekuwa na Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Asubuhi ile lori lenye bomu lilifika lango la nyuma la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Langoni alikuwapo mlinzi Mkenya, mwajiriwa wa kawaida wa kampuni ya ulinzi, bila bunduki. Ukimtazama kutoka ndani ya lori lile, alikuwa kile kile walichokuwa askari wa stesheni kwetu sisi watoto: kitu cha kupita. Waliamuru ainue kizuizi, akakataa. Wakamrushia guruneti, akakimbia huku akijaribu kuita kwa redio. Bomu lililipuka nje. Nairobi peke yake walikufa watu 213, wengi mno Wakenya, na jengo la Ufundi lililokuwa jirani likaporomoka. Lakini lori halikuingia kwenye maegesho yaliyokuwa chini ya ubalozi. Majina ya waliokufa yamechongwa ukutani katika bustani ya kumbukumbu pale pale. Ambao wangekufa kama kizuizi kingeinuliwa hawana ukuta, maana wao wenyewe hawajijui. Wengine huenda wanapita hapo kila siku wakienda kupanda basi. Hadithi ikiulizwa itasema mlinzi alizidiwa. Ni kweli, alizidiwa. Na ndani ya dakika hiyo moja ya kuzidiwa alifanya pia kazi yake ya kila siku, ile isiyoonekana.

Usiku mmoja wa Julai stima ilipotea mapema na haikurudi. Wenzangu wakaenda zao, mimi nikabaki karibu na jiko la mkebe nikiota moto. Mwenye maduka alikuwa amelalamika kwamba maandishi ya Mzee hayasomeki, na macho ya Mzee hayakuwa tena ya kujisahihisha. Akanipa daftari na tochi.

"Nisomee, kijana yangu, nione kama linaeleweka."

Nikasoma. Saa tatu usiku, hali shwari. Saa nne, hali shwari. Saa tano, mvua, hali shwari. Nikafunua nyuma, wiki, wiki mbili, kurasa zimejaa bluu hadi pembeni.

"Linaeleweka, Mzee. Lakini ni kitu kimoja tu."

"Ndiyo kazi," akasema, akaongeza kaa.

Niliendelea kufunua kwa kutaka moto zaidi kuliko kusoma. Katika ukurasa wa wiki iliyotangulia, kati ya saa nne na saa tano, alikuwa amebana mstari mmoja wa ziada. Saa nne na robo. Kijana wa gemu ametoka, yuko peke yake, anaenda kwao. Nimemmulikia mpaka kwenye kona. Hali shwari.