Nyani Haoni Kundule, Lakini Mwenziwe Anaona

Jumapili moja, katika harambee ya kuezeka kanisa letu, mheshimiwa mmoja alipewa kipaza sauti baada ya sadaka. Wiki hiyo kijana wa ushirika wetu alikuwa ameuliza mtandaoni swali fupi: mtu ambaye mshahara wake unajulikana, anazitoa wapi fedha za kugawia makanisa matatu kila Jumapili? Mheshimiwa hakulijibu. Alitabasamu, akasema, "Wakristo wenzangu, nyani haoni kundule," kisha akatuachia nafasi tucheke. Tukacheka. Kwaya ilicheka, mchungaji alicheka, na mimi nilicheka. Kijana mwenyewe alikuwa safu ya tatu kutoka nyuma. Nilipogeuka nilimkuta ameinamia viatu vyake.

Tangu siku hiyo nimeisikia methali hii ikitumwa kazi hiyohiyo kila mahali. Kiongozi akiulizwa kuhusu mali yake, watetezi wake hujibu kwamba muulizaji naye si malaika. Askofu akiulizwa kuhusu bahasha za fedha za wanasiasa, waumini hutaka kujua muulizaji alikwenda kuungama lini mara ya mwisho. Nyani haoni kundule, na mjadala umekwisha. Tena lile neno kali la mwisho ndilo linalosaidia uovu huu: watu hucheka kwa kulisikia mbele ya madhabahu, na kicheko kikishatoka hakuna anayekumbuka swali. Sikubali. Wanaoitumia hivyo wameishika kwa ncha wakatupiga kwa mpini.

Tuanze na kitenzi, maana ugomvi wote umo humo. Wazee walisema haoni. Hawakusema hataki kuona, wala anaficha, wala amesahau. Nyani haoni kwa kuwa macho yako mbele na kundu liko nyuma. Ndivyo alivyoumbwa, na hakuna toba itakayombadilisha. Waliotunga maneno haya hawakumjua nyani kwa picha. Walilinda mahindi yao dhidi yake. Na mtu yeyote aliyewahi kukaa kando ya shamba kule Kwale, jua linapopoa, anajua kundi la nyani linavyokaa: huyu kampa mgongo yule, yule anachambua manyoya kwa vidole, anatoa kupe na uchafu mahali ambapo mkono wa mwenyewe haufiki. Kisha wanabadilishana. Mnyama asiyeuona mgongo wake anaishi kwa jicho la mwenziwe. Mzee aliyelitazama jambo hilo jioni baada ya jioni hawezi kuwa alitaka kutufundisha kwamba, kwa sababu kila mmoja ana kundu, basi wote wanyamaze.

Iweke methali hii pamoja na ndugu zake uone. Kinyozi hajinyoi. Mganga hajigangi. Hakuna aliyewahi kuzielewa hizo kuwa amri ya kinyozi kutembea na nywele chafu au mganga kufa na maradhi yake. Kila mtu anaelewa kwamba kinyozi ataketi kwenye kiti cha kinyozi mwingine, ainamishe kichwa, na wembe upite shingoni mwake ukiwa mkononi mwa mwenziwe. Kwa nini basi nyani peke yake ahukumiwe kunyamaza?

Halafu kuna mkia wa methali ambao waheshimiwa huukata: huona la mwenziwe. Sikiliza vizuri. Methali haisemi nyani anamsingizia mwenziwe. Inasema anaona, na anachokiona kipo. Unapomwambia aliyekukosoa kwamba nyani haoni kundule, umeshakiri kwamba alichokiona kwako ni cha kweli. Ulichoongeza ni kwamba naye analo lake. Haya, aambiwe. Mwambie, tena hadharani, lakini baada ya kujibu ulichoulizwa.

Dini zetu mbili kubwa zinasema hivyohivyo, ndiyo maana inaniuma zaidi kuisikia methali hii ikipotoshwa mimbarani. Yesu aliyezungumza habari ya kibanzi na boriti hakuishia kwenye boriti. Alisema itolewe kwanza ili mtu aone vizuri, kisha akamtoe ndugu yake kibanzi. Kazi ya kutoa kibanzi iko palepale. Waislamu nao hufundishwa kwamba muumini ni kioo cha muumini mwenziwe, na kioo kinachokunyamazia hakina faida ukutani.

Sasa nifike kwa mnafiki, kwa kuwa watu wengi humchanganya na nyani wa methali. Mnafiki si huyo. Mnafiki ameshaliona kundu lake, amelipima, ameenda kwa fundi akashonewa suruali. Anajua fedha zimetoka wapi. Ndiyo maana anazileta kanisani, mahali ambapo hakuna atakayezihesabu kwa sauti. Kumwita mtu wa namna hiyo nyani asiyeona ni kumpunguzia hatia. Asiyeona anahitaji mwenzi wa kumwambia. Anayeona akafunika anahitaji kufunuliwa, na hizo ni kazi mbili tofauti.

Kanisa la Kenya limewahi kuwa upande wa wasioona, na limewahi kukiri. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani, wengi wao wanawake na watoto, waliteketezwa humohumo ndani. Mwezi uliofuata Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoa tamko la majuto: viongozi wa dini walikuwa wamegawanyika kwa vyama na makabila, na kwa hiyo hawakuweza kuwakemea wanasiasa. Nalithamini tamko lile kuliko mahubiri mengi niliyosikia maishani. Walilitazama la kwao wakalitaja kwa jina.

Lakini nani alikuwa akiona wakati viongozi hawaoni? Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ndipo Januari hiyohiyo ya 2008 Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa na blogu yake, na wenzake wachache walipoanzisha tovuti ya kupokea taarifa za wananchi kwa ujumbe wa simu na kwa intaneti, na kuonyesha kwenye ramani mahali palipochomwa na watu walipouawa. Waliipa jina la Kiswahili: Ushahidi. Baadaye ikatumika hata Haiti baada ya tetemeko la 2010. Natamani kila mhariri na kila mchungaji alitafakari jina hilo. Hawakuiita Hukumu. Shahidi haulizwi kama ni mtakatifu. Anaulizwa aliona nini, wapi, saa ngapi. Hiyo ndiyo kazi ya nyani anayeona la mwenziwe, na ni kazi halali.

Tangu hapo vita vya bahasha vimeendelea. Septemba 2021, wakati Rose Okeno akiwekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika Kanisa la Anglikana la Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa wanakaribishwa kusali, ila mimbari si yao. Kisha ukaja Juni 2024. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha mstari kwa mstari, wakaueleza kwenye TikTok na X kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, wakajaa barabarani. Tarehe 25 waliingia Bungeni; wengine waliuawa siku hiyo. Kesho yake Rais William Ruto alisema hatautia saini mswada huo. Na vijana haohao hawakuishia kwa wabunge. Waliyageukia makanisa wakauliza kwa nini wezi wanapewa viti vya mbele.

Novemba mwaka huo maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kali dhidi ya serikali na utamaduni wa uongo. Siku chache baadaye, Jumapili ya tarehe 17, Rais alisali katika kanisa Katoliki la Soweto, jijini Nairobi, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na kundi la kimisionari la parokia, milioni 2 za nyumba ya mapadri, na ahadi ya milioni 3 nyingine. Video zilienea mitandaoni. Jumatatu Askofu Mkuu Philip Anyolo aliandika kwamba fedha zirudishwe. Wapo waliosema maaskofu waliaibishwa na mitandao. Mimi nasema walisaidiwa. Mtu akikuambia nguo imepasuka nyuma, hajakuaibisha. Aliyekuona asubuhi yote akanyamaza ndiye aliyekuaibisha.

Wengine hawakutaka msaada huo. Machi 2025 Rais alitoa shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, na vijana waliokwenda kuandamana Jumapili iliyofuata walipokelewa kwa gesi ya kutoa machozi. Juni mwaka huo Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mitandaoni, alikamatwa kwao Homa Bay kwa ajili ya maandishi kuhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafa mikononi mwa polisi. Tulielezwa kwanza kwamba alijigonga ukutani mwenyewe. Uchunguzi wa madaktari ulisema vingine. Huo ndio mwisho wa njia inayoanza na kicheko cha kanisani: kwanza jicho linadhihakiwa, kisha linatobolewa.

Nimewatetea vijana wa simu, na sitarudi nyuma. Lakini methali ina neno mwenziwe, na neno hilo haliwaachi salama. Nyani hacheki kundu la swala. Anaona la nyani mwenziwe, yaani kilekile alicho nacho yeye. Ninyi mnaoanika bahasha ya askofu, mbona bahasha ya mtandaoni hamwioni? Wapo wanaolipwa kwa siku kusukuma jina la mwanasiasa lipande juu, asubuhi wakimsifu huyu, wiki ijayo wakimtukana huyohuyo kwa mshahara wa mwingine. Tofauti yao na mchungaji aliyeuza mimbari ni ipi? Mchungaji walau alijenga ukuta unaoonekana. Wapo wanaosambaza picha za maiti kabla mama wa marehemu hajapigiwa simu. Wapo wanaoshea jambo bila kulisoma, na likibainika ni uongo wanalifuta kimyakimya, bila neno moja la samahani. Na akitokea mtu akawaambia kwa upole, "Ndugu, hapa umekosea," wanamzuia asionekane tena kwenye ukurasa wao. Huyo aliyezuiwa ndiye aliyekuwa akiwatoa kupe! Mtu anayechambua migongo ya wote na kukataa wake kuguswa ameondoka kwenye mstari. Amekaa peke yake juu ya jiwe, na kupe wanamnywa damu.

Mwenziwe pia ni neno la usawa, na hili naliona kubwa kuliko yote. Methali haikumpa nyani dume mkubwa msamaha wowote. Anayekaa juu ya mti anaonekana nyuma yake vizuri zaidi na walio chini. Rais ana mwenziwe, na mwenziwe ni kijana wa Kayole mwenye simu iliyopasuka kioo. Askofu ana mwenziwe, naye ni yule mama anayefagia kanisa Jumamosi, ambaye anajua ni gari gani lililokuja usiku. Atakayekataa kuwa na mwenzi, aseme yeye ni nani.

Mabati ya harambee ile yamekwisha kupigiliwa. Mvua ikinyesha wakati wa mahubiri, nayasikia. Yule kijana aliacha kuja. Nilimpigia simu mara mbili; mara ya pili akapokea. Nikamwambia nilikuwa miongoni mwa waliocheka, na kwamba swali lake lilikuwa sahihi nami nilijua ni sahihi wakati nacheka. Alikaa kimya kwa muda, halafu akasema, "Mwalimu, mimi sikutaka kumwaibisha mtu. Nilitaka jibu tu." Nikaenda kwa kamati ya ujenzi. Nilibishana nao majuma mawili, mwenyekiti akinirudishia methali ileile, nami nikimmalizia mkia wake kila mara. Sasa swali limo katika ajenda ya mkutano wa mwaka, namba 4, baada ya taarifa ya mweka hazina, na limeandikwa kwa maneno ya kijana mwenyewe. Ameniambia atakuja kulisoma.