Heshima ya Aliyeshindwa

Wahenga walisema kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Aghalabu methali hii hutumiwa kumcheka mtu aliyejitia katika mashaka, lakini ndani yake mna swali zito la utawala. Wanadamu wamebuni njia nyingi za kumpandisha mwenzao kitini: urithi, kura, vita na hila. Njia za kumshusha pasipo damu wala fedheha ni chache. Mtu aliyeamuru jana aishi vipi leo anapoamriwa? Na jamii iliyomshusha ina wajibu gani kwake?

Swali hili lilijulikana katika milima ya Rungwe kabla ya sanduku la kura kufika huko. Wanyakyusa, ambao Tukuyu, Masoko na Matwebe ni sehemu za nchi yao, walikuwa na sherehe iliyoitwa ubusoka, yaani kutoka. Monica Wilson, aliyekaa miongoni mwao katika miaka ya 1930, aliieleza kwa urefu. Mara moja katika kila kizazi, kwa kadiri ya miaka 30, vijana waliokuwa wakiishi katika vijiji vya rika lao walikabidhiwa nchi. Moto wa zamani ulizimwa, mpya ukapekechwa. Wazee walisogea kando, na wana wawili wa mtawala wakagawiwa nchi ya baba yao. Naye mtawala mzee ilitazamiwa kwamba hatakaa sana duniani baada ya siku hiyo.

Utaratibu huo ulikuwa na busara, na ulikuwa na ukali. Busara yake ni kwamba madaraka yalihesabiwa kuwa mali ya kizazi, si mali ya mtu mmoja. Kila baba alijua kuwa zamu yake ina mwisho, na kila kijana alijua kuwa zamu yake yaja. Ukali wake ni kwamba mtawala aliyeshuka hakuachiwa mahali pa kukaa. Kwake yeye kuacha utawala kulikaribiana na kuacha uhai, na mtu ajuaye kuwa mwisho wa cheo ni mwisho wake mwenyewe hana budi kutamani siku hiyo icheleweshwe.

Hata Uingereza, ambayo uchaguzi wake husifiwa mara kwa mara, ilianzia katika ukali huo. Mwaka 1540 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, alipopoteza upendeleo wa bwana wake, alipoteza na kichwa chake. Mwaka 1945 mambo yalikuwa mengine. Winston Churchill, aliyeiongoza nchi yake mpaka Ujerumani ikasalimu amri, aliangushwa kwa kura kabla ya miezi mitatu kupita tangu ushindi ule. Siku matokeo yalipotangazwa alijiuzulu, na Clement Attlee wa chama cha Labour akashika nafasi yake. Churchill hakufungwa wala hakukimbia. Aliketi upande wa pili wa Bunge akiwa Kiongozi wa Upinzani, kazi ambayo sheria ya mwaka 1937 ilikuwa imeipa mshahara wa serikali. Na mwaka 1951 alirudi kuwa Waziri Mkuu. Vivyo hivyo Julai 2024 chama cha Conservative kilibakiwa na viti 121, uchache ambao hakikupata kuuona katika historia yake. Siku ya pili Rishi Sunak alimwachia Keir Starmer madaraka. Baina ya 1540 na 2024 tamaa ya mwanadamu haikupungua. Kilichoongezeka ni kwamba aliyeshindwa amewekewa mahali pa kukanyaga anaposhuka.

Tanzania Bara ilitafuta njia yake yenyewe. Katika uchaguzi wa Septemba 1965 wagombea wawili wa chama kimoja, TANU, walishindana jimboni, mmoja kwa alama ya jembe na mwenziwe kwa alama ya nyumba. Mawaziri wawili walikosa viti vyao. Walioanguka walibaki ndugu ndani ya chama kile kile, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini wapiga kura waliweza kubadili mtu, wasiweze kubadili chama. Amani ya aliyeshindwa ilipatikana kwa kupunguza kile kilichoshindaniwa.

Hapa yamkini mtu akapinga, aseme kuwa ni rahisi kumhubiria aliyeshindwa uvumilivu, lakini vipi ikiwa anaamini kuwa hakushindwa? Pingamizi hili ni la haki. Zanzibar mwaka 1995 Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF, na CUF haikuyakubali matokeo. Januari 2001, baada ya uchaguzi mwingine uliobishaniwa, watu waliuawa Pemba katika maandamano. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ilibadilishwa ili chama cha pili kipate nafasi serikalini, na Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hata hivyo uchaguzi wa 2015 ulifutwa, na ugomvi ukarudi. Funzo lake ni kwamba kiti cha aliyeshindwa hakiwezi kusimama badala ya hesabu iliyo ya kweli. Anayedai mwenziwe akubali kushindwa sharti kwanza amwonyeshe kwamba kweli ameshindwa.

Kwa hiyo heshima ya aliyeshindwa ni deni la pande mbili. Kiongozi anadaiwa ajizoeze kushuka tangu siku ya kupanda, na akione cheo kuwa amana. Jamii inadaiwa ihesabu kura kwa uaminifu, kisha imwachie aliyeanguka nyumba yake, jina lake na sauti yake. Imesemwa kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno hayo ni kweli. Lakini naye asiyempa mwenziwe nafasi ya kushindwa kwa salama hakutaka mashindano, alitaka mawindo.