Bei ya Baiskeli na Shida ya Mwenye Baiskeli



Katika toleo hili tumeona vema tuzungumze juu ya jambo linalotugusa sote tunaoishi hapa Nakivale, nalo ni kununua na kuuza vitu vya ndugu anayeondoka. Tumechukua kitu kimoja kiwe mfano, yaani baiskeli ya zamani. Wengine wetu tuliotoka Kongo huiita kinga, na ndugu zetu Warundi husema ikinga. Kwa jina lolote, baiskeli hapa makazini ni mgongo wa nyumba. Inabeba maji, kuni, mahindi, mwanafunzi, na siku nyingine inabeba mgonjwa.

Swali letu ni hili. Tuseme familia imepata tarehe ya safari ya kwenda nchi ya tatu, na zimebaki siku chache. Baba anataka kuuza baiskeli yake kuukuu, wala hajui ni ya aina gani. Jirani yake anajua. Je, jirani huyo ana haki ya kuinunua kwa bei yoyote ambayo haraka ya mwenzake itaikubali? Wengi hujibu: “Ameridhia mwenyewe, sikumlazimisha.” Sisi tunaona jibu hilo halitoshi. Lakini hatuwezi kusema juu ya bei ya haki kabla ya kujua kitu chenyewe. Kwa hiyo tuanze na baiskeli.

Kuitambua baiskeli

Baiskeli kuukuu nyingi tunazoziona ni zile nzito za kubebea mizigo, za umbo la Raleigh. Raleigh yenyewe ilitengenezwa Nottingham, Uingereza, na bamba lake la mbele lina kichwa cha korongo. Viwanda vya India na China vilifuata umbo hilohilo, kwa hiyo umbo peke yake si ushahidi. Tazama habu ya nyuma. Kama ni ya gia tatu na imeandikwa Sturmey-Archer, futa grisi usome tarakimu zilizogongwa juu yake. Ukikuta 67 na 5, habu hiyo ilitengenezwa Mei 1967. Lakini kumbuka kwamba gurudumu hubadilishwa. Umri wa habu si lazima uwe umri wa fremu.

Mara chache hutokea baiskeli ya namna nyingine, ile ya mashindano ya barabarani, iliyofika Afrika ndani ya makontena ya mitumba kutoka Ulaya au Marekani. Ni nyepesi, magurudumu yake ni membamba, na usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Hii ndiyo inayodharauliwa sana hapa, kwa sababu haina karia wala haipendi barabara zetu za mawe. Hata hivyo, huko ilikotoka wako watu wanaoitafuta kwa fedha nyingi. Alama zake ni hizi:

Kwanza, karatasi iliyobandikwa kwenye bomba la fremu. Ikisema Reynolds 531, ni chuma chepesi na imara kilichotoka Birmingham na kuanza kuuzwa mwaka 1935.

Pili, jina lililo kwenye gia na breki. Campagnolo ni kampuni ya Vicenza, Italia, iliyoanza mwaka 1933. Gia zake nyingi za nyuma za miaka ya 1970 zimegongwa maneno kama Pat. 74, na tarakimu hizo hukuonyesha mwaka.

Tatu, waya na vijiti vya gia. Kama waya za breki zinatokea juu ya mikono ya breki na kupinda hewani, na vijiti vya gia viko kwenye bomba la chini na haviliitiki “tik” unapovisogeza, basi huenda baiskeli ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1980.

Nne, upana wa fremu pale habu ya nyuma inapokaa. Milimita 120 kwa kawaida ni ya meno matano ya gia, na milimita 126 ni ya sita au saba.

Baada ya kuitambua, ipime afya yake. Sumaku ya spika ya redio mbovu itakuambia kama fremu ni chuma au alumini. Pitisha kidole chini ya mabomba mawili karibu na shingo ya mbele. Ukisikia uvimbe, baiskeli iligonga kitu kwa nguvu. Tafuta nyufa kwenye viungio. Pima cheni: vipande 24, kutoka pini hadi pini, viwe inchi 12 kamili; ikizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, cheni imechoka, na huenda imeshakula meno ya gia. Angalia pia tairi. Zile za inchi 27 na zile za 700C zinafanana machoni, lakini rimu ya kwanza ni milimita 630 na ya pili ni 622, na tairi ya moja haivai kwenye nyingine. Jambo la mwisho, usiikwangue wala kuipaka rangi mpya ili ing'ae. Mnunuzi anayependa vitu vya zamani hulipia rangi na maandishi ya asili.

Bei ya haki ni ipi?

Hapo tunaona kwamba baiskeli moja ina bei zaidi ya moja. Iko bei ya kazi inayoweza kufanya hapa. Iko bei ya vipuri vyake mbele ya fundi wa Mbarara. Tena iko bei ya mtu wa mbali anayeipenda kwa sababu ya historia yake. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ya uongo. Uongo huingia pale mtu mmoja anapozijua zote tatu na kumwacha mwenzake aamini kwamba ipo moja tu, tena iliyo ndogo kuliko zote.

Swali hili ni la zamani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi Cicero aliandika juu ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Aleksandria kwenye kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, akijua kwamba meli nyingine zenye nafaka ziko njiani. Je, awaambie wenye njaa, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Wanafalsafa wawili, Diogenes na Antipater, walibishana juu ya mambo ya namna hii. Cicero mwenyewe aliona kwamba hakupaswa kuwaficha. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas hakumbana sana mfanyabiashara huyo. Alisema kwamba akiuza kwa bei iliyopo hajavunja haki, ingawa kusema ni wema mkubwa zaidi. Lakini juu ya kasoro iliyofichika alikuwa mkali: lazima itajwe. Tena alifundisha kwamba muuzaji asipandishe bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida kubwa, maana shida ile si mali ya muuzaji hata aiuze.

Sisi tunaligeuza neno hilo upande wa pili. Kama muuzaji haruhusiwi kuuza shida ya mnunuzi, mnunuzi naye haruhusiwi kununua shida ya muuzaji. Bei itoke kwenye baiskeli, isitoke kwenye tarehe ya safari. Wahenga walisema kufa kufaana, na ni kweli mambo huwa hivyo, lakini hawakusema kwamba ni haki. Kitabu cha Mithali, sura ya 20, mstari wa 14, kinamtaja mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake anajisifu. Sote tunamjua mtu huyo, na sokoni tumemsikia.

Mtu atauliza: “Mimi pia ni mkimbizi. Nitatoa wapi bei ya Ulaya?” Ni swali la haki. Hatusemi umlipe bei ambayo wewe mwenyewe huwezi kuipata. Tunasema mambo mawili. Mwambie kitu chake ni nini. Kisha mpe bei ambayo angeipata hapahapa kama angekuwa na mwezi mzima wa kutafuta mnunuzi. Ukiisafisha, ukaipeleka mbali na kupata faida, jasho lako lina ujira wake. Au mkubaliane mapema, mbele ya mashahidi, kwamba uiuze taratibu na kumtumia fungu lake huko aliko.

Na muuzaji naye ana deni. Ufa unaoujua, useme. Baiskeli isiyo yako, usiiuze. Familia isingoje siku ya mwisho: mara mkiitwa kwenye mahojiano, mwiteni fundi mwaminifu aitazame baiskeli, mkaandike anachosema.

Tumalizie na Ibrahimu. Alikuwa mgeni katika nchi ya Wahiti, naye alihitaji mahali pa kumzika mkewe Sara. Mwanzo 23 inasimulia kwamba alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote, bei kamili, ingawa aliambiwa kwamba angepewa bure. Mgeni asiye na shamba alilipa kikamilifu, na hakuna aliyeweza kumnyoshea kidole baadaye. Sisi tunaouziana vitu leo tutatawanyika, mmoja Mbarara, mwingine ng'ambo, mwingine arudi kwao. Tukikutana tena, tuweze kutazamana machoni.